Kompyuta mbili za steshenari Uyole: shajara ya nyaya za mbele

Jumamosi, 8 Juni 2024. Inaamka, inalala

Mama mdogo ana steshenari Uyole, Mbeya, si mbali na njia panda ya kwenda Tukuyu. Kazi zake ni zile za kila steshenari: kuchapa barua, kutoa kopi, kulaminisha vyeti, kuwajazia wanafunzi fomu za mtandaoni. Vyote hivyo vinategemea kompyuta moja ya mezani, ya kuungaunga, aliyoinunua ikiwa tayari imeshatumika. Leo asubuhi alinipigia simu: "Mwanangu, mashine inaamka halafu inalala."

Nilipofika nikajionea. Ukibonyeza kitufe, feni zinazunguka, taa inawaka, na kabla maandishi ya kwanza hayajatokea kwenye skrini, kimya. Ukibonyeza tena, vilevile. Mara moja ilijiwasha yenyewe bila kuguswa, ikazima. Nilihesabu: sekunde nne, wakati mwingine tano. Kama ningeitilia maanani namba ile siku ile, shajara hii ingekuwa na ukurasa mmoja.

Badala yake nikaanza kushuku pawa saplai, boksi la ndani linaloigawia mashine umeme, kwa sababu ndiyo inayoshukiwa kwanza siku zote. Nikapanda bajaji hadi Mwanjelwa, nikanunua iliyotumika kwa shilingi 35,000. Nikaifunga. Sekunde nne, kimya. Nikachomoa ramu, kibao cha kumbukumbu, nikasugua miguu yake kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Sekunde nne. Jioni nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliiwasha mara mbili, akatikisa kichwa: "Mazabodi imekufa, braza." Yaani ile bodi kubwa ya ndani inayounganisha vipande vyote. Akachukua 10,000 ya uchunguzi. Simlaumu sana, maana na mimi nilikuwa nimeshakata kauli hiyohiyo, na nimemlipa ili anikubalie.

Matumizi ya siku: 45,000, na hakuna kilichopona.

Jumamosi, 15 Juni. Mazabodi ya ofisini

Mazabodi mpya za umri huu hazipo tena madukani, na za mitumba zinazopatikana kwa wingi ni zile zinazotolewa kwenye mashine za maofisini zilizokuja na makontena. Nimepata moja ikiwa na prosesa, feni yake na ramu ya GB 4 kwa 85,000. Bei nzuri. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, picha ikaonekana, nikatoa hela.

Nitaeleza kosa la leo kwa urefu kwa sababu ndilo lililonigharimu wiki nzima. Nilifungua kasha la zamani, nikachomoa kila waya uliokuwa mbele yangu, nikatoa mazabodi ya zamani, nikaiweka pembeni. Picha sikupiga. Nilijiambia nyaya zina maandishi, nitazirudisha. Kumbe nyaya za mbele za kasha lile, yaani zile nyembamba zinazotoka kwenye kitufe cha kuwashia, kitufe cha kuanzisha upya na taa mbili ndogo, zina plagi ndogondogo za plastiki ambazo maandishi yake yamefutika kwa joto na vumbi. Mbili tu zilisomeka: POWER LED, na nyingine iliyobaki herufi tatu za mwisho. Rangi nazo hazikunisaidia. Kuna waya uliokuwa mweupe, sasa una rangi ya chai ya maziwa.

Mazabodi ya ofisini ikaingia kwenye kasha kwa shida ndogo: viguu viwili vya shaba, vile vinavyoiinua mazabodi isiguse bati la kasha, vilikuwa mahali ambapo mazabodi mpya haina tundu. Nikaving'oa. Msiviache kwa kuona havidhuru, kwani kiguu kikigusa migongo ya pini chini ya mazabodi kinaunganisha visivyopaswa kuungana.

Halafu nikafika kwenye pini za mbele, vile vijichuma vya kwenye mazabodi ambako plagi za nyaya za mbele huchomekwa. Kwenye mazabodi za kawaida kuna pini tisa katika safu mbili, na pengo moja pembeni. Hii yangu ina kumi, hazina pengo, hazina maandishi yoyote pembeni yake. Mashine hizi za ofisini huja na kasha lake na plagi moja pana inayobeba nyaya zote za mbele kwa pamoja. Mtengenezaji hakuona sababu ya kuandika chochote, maana hakutegemea kwamba mazabodi yake itaishia Uyole ndani ya kasha la mtu mwingine. Plagi zangu ndogo nne zikabaki zinaning'inia.

Matumizi: 85,000. Mama mdogo aliniuliza kama Jumatatu atafanya kazi. Nikajibu "tutaona," na alinijua.

Jumapili, 16 Juni. Bisibisi

Baridi ya Juni huku inafanya vidole kuwa vya mtu mwingine. Nilihamia mezani kwa mama mdogo, nyumbani, karibu na jiko la mkaa. Nikavua sweta kwanza. Msimu huu hewa ni kavu, na usiku ukivua sweta gizani unaona cheche. Cheche hiyohiyo ikipita kwenye ramu ni hasara. Kila nilipotaka kugusa kitu niligusa kwanza bati la pawa saplai.

Nilitaka kujua jambo moja tu: pini zinafanyaje kazi kwenye mazabodi yenye maandishi, ili nielewe ile isiyo nayo. Kwa hiyo nikaichukua ile ya zamani, "iliyokufa", nikaiweka juu ya boksi tupu la karatasi za A4, nikaiunganishia pawa saplai na skrini, bila kasha. Mtoto wa mama mdogo, ana miaka kumi na mmoja na macho kama ya mwewe, alimulika kwa tochi ya simu akanisomea herufi zilizochapwa kando ya pini: "Anko, hapa wameandika PWRSW." Nikachukua bisibisi ndogo, nikaigusisha kwenye pini zile mbili kwa wakati mmoja, nikaiondoa.

Feni ikazunguka. Nne. Tano. Sita. Kumi. Skrini ikaleta maandishi, ikalalamika kwamba haioni diski. Ikabaki hivyo robo saa nzima, mpaka chai ikapoa.

Mazabodi haikuwa imekufa hata siku moja.

Ilinibidi nikae chini nilifikirie upya. Kitufe cha kompyuta hakipitishi umeme unaoendesha mashine, tofauti na swichi ya taa ya ukutani. Kazi yake ni kugusanisha pini mbili kwa kitambo kidogo tu. Mazabodi ikiona zimegusana, inaiamuru pawa saplai iamke. Lakini zikiendelea kugusana kwa sekunde nne hivi, mazabodi inaelewa kwamba mtu amekishikilia kitufe makusudi ili aizime kwa nguvu, nayo inatii. Kitufe kilichokwama ndani kinafanya yote mawili: kinawasha, halafu kinazima. Zile sekunde nne nilizozihesabu Jumamosi ya kwanza zilikuwa zinanieleza hivyohivyo, na mimi nikaenda Mwanjelwa kununua pawa saplai.

Nikafungua uso wa plastiki wa kasha. Nyuma ya kitufe palikuwa na soda iliyokaukia humo, imechanganyika na vumbi, imekuwa kama gundi ya mbao. Nani aliimwaga, hakuna aliyekumbuka. Nikaazima mita ya jirani, nikaiweka kwenye alama ya mlio, ile inayolia ncha zake mbili zikiwa zimeungana, nikashika ncha mbili za waya wa kitufe bila kukibonyeza: ikalia. Kimegusana chenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mashine ikiwaka na kuzima ndani ya sekunde nne au tano, chomoa waya wa kitufe kwenye mazabodi kisha uiwashe kwa ncha ya bisibisi. Zoezi lenyewe ni la bure. Pini zenyewe zina volti chache tu, hazimrushi mtu. Hatari pekee ni kugusa pini ya jirani, ndiyo maana tochi na macho ya mtoto.

Jumatano, 19 Juni. Kuirudisha ya kwanza

Kuanzia leo mradi una kompyuta mbili, kwa sababu mazabodi ya ofisini imeshanunuliwa na muuzaji harudishi hela. Mama mdogo amekubali kwa sharti kwamba ya kwanza ianze kazi wiki hii.

Nimenunua mita yangu, 18,000, na chupa ya spiriti, 2,000. Kitufe nilikiosha kwa spiriti na mswaki wa zamani. Kilifanya kazi vizuri jioni. Asubuhi yake, kwenye baridi, kikakwama tena. Sikuendelea kubishana nacho. Kitufe cha kuanzisha upya ni swichi ileile kabisa, nacho ni kizima kwa sababu hakuna anayekibonyeza. Nikachukua plagi yake nikaichomeka kwenye pini za kuwashia. Cha zamani nimekiacha bila waya.

Kutambua plagi zilizofutika ni kazi ya dakika tatu ukiwa na mita. Shika ncha mbili za plagi, bonyeza kitufe kimoja kimoja usoni mwa kasha: itakayolia ni ya kitufe hicho. Vitufe havina upande, vyovyote utakavyovichomeka ni sawa. Taa zina upande. Weka mita kwenye alama ya dayodi, gusisha ncha nyekundu na nyeusi kwenye waya za taa. Ikiwaka kwa unyonge, ncha nyekundu ndiyo iliyo kwenye chanya. Isipowaka, geuza. Mara nyingi waya mweupe au mweusi ni hasi na wa rangi ni chanya, lakini mimi nina waya wa rangi ya chai ya maziwa, kwa hiyo nilipima.

Mpangilio wa pini tisa, ule wa kawaida kwenye mazabodi nyingi zisizo za ofisini, ni huu. Anza kuhesabu kutoka mwisho ulio mbali na pengo. Kwenye safu yenye pini tano: mbili za kwanza ni taa ya diski, mbili zinazofuata ni kitufe cha kuanzisha upya, ya tano haina kazi kwenye kasha la kawaida. Kwenye safu yenye pini nne na pengo: mbili za kwanza ni taa ya umeme, mbili zinazofuata ni kitufe cha kuwashia. Chanya za taa zote mbili ni zile za mwanzo kabisa, za pembeni. Kuna watengenezaji wanaofuata mpangilio wao, kwa hiyo maandishi ya kwenye mazabodi ndiyo ya kuaminiwa kuliko maneno yangu.

Kilichonitesa ni plagi ya taa ya umeme. Ina matundu matatu, la katikati tupu, nyaya zipo kwenye la kwanza na la tatu. Mazabodi inataka mbili zilizokaa pamoja. Nusura niikate. Halafu nikaona kwamba kila kijichuma ndani ya plagi kimezuiwa na kijiulimi cha plastiki, kile kinachoonekana kwenye kidirisha kidogo ubavuni. Nikaazima sindano ya cherehani. Unainua kijiulimi kwa ncha ya sindano, kidogo sana, huku unavuta waya kwa nyuma taratibu. Cha kwanza nilikiinua kupita kiasi, kikakatika. Ikabidi nigeuze plagi na kutoa waya wa upande wa pili. Kijichuma kikatoka kikiwa na jino lake dogo mgongoni. Nikalikunjua jino kwa ukucha, nikakisukuma kwenye tundu la katikati hadi kikalia "tik". Tik hiyo ikikosekana, kijichuma kitarudi nyuma utakapoichomeka plagi, na taa itawaka leo kesho isiwake.

Taa ya diski niliichomeka kinyume. Haikuwaka, nikaigeuza, ikawaka. Kwenye pini hizi kosa hilo halivunji kitu, kwa hiyo mtu asiogope kujaribu.

Saa moja usiku mashine ilikuwa imewaka na imebaki inawaka.

Jumamosi, 22 Juni. Flashi iliyoungua

Nilidhani ya kwanza imekwisha. Mteja akaleta kazi kwenye flashi, mama mdogo akaichomeka mbele, haikusomeka. Ni kweli, nilikuwa sijaunganisha USB za mbele.

Kasha hili ni la zamani, na USB zake mbili hazina plagi moja ya matundu tisa kama za siku hizi. Zina vipande vya tundu mojamoja, nyaya nane zilizolegea: nyekundu, nyeupe, kijani, nyeusi, mara mbili. Kwenye mazabodi pini za USB ni safu mbili, kila safu USB moja, na mpangilio wa safu zote unakwenda upande uleule: volti 5, data hasi, data chanya, hasi. Yaani nyekundu, nyeupe, kijani, nyeusi. Pengo au pini isiyo na kazi iko mwisho wa upande wa nyeusi.

Safu ya kwanza niliipanga sawasawa. Ya pili nilikuwa nimeshachoka, kasha limelala ubavu, nikaipanga kuanzia upande wa pili kana kwamba safu zinatazamana. Nyeusi ikakaa kwenye volti 5 na nyekundu kwenye hasi. Nikachomeka flashi yangu, ya GB 16. Kwa bahati nilikuwa nimeishika: ndani ya sekunde mbili ilipata moto wa kuunguza. Nikaivuta. Haikusoma tena popote, hata kwenye kompyuta nyingine. Ilikuwa 12,000, na ilikuwa na picha za kipaimara cha mpwa wangu, ambazo namshukuru Mungu zipo pia kwenye simu ya dada.

Ingekuwa ya mteja, sijui ningesema nini.

Utaratibu wangu sasa: baada ya kupanga USB za mbele, kabla ya kuchomeka kitu chochote, nawasha mashine na kupima kwa mita pale mbele kwenyewe. Ncha nyeusi kwenye bati linalozunguka tundu la USB, nyekundu kwenye vijichuma viwili vya pembeni, kwa zamu. Kimoja lazima kisome volti 5 na kingine sifuri. Kwenye plagi uliyoiona kuwa sahihi, angalia kipi ni kipi, halafu tundu la pili lazima lifanane nalo. Ikitokea kinyume, zima.

Neno jingine kwa wenye mazabodi za umri huu: baadhi zina pini nyingine tisa zinazofanana kabisa na za USB, ila ni za FireWire, njia nyingine ya zamani ya kuunganishia vifaa, na zile zina volti 12. Soma maandishi ya pembeni. Plagi inaingia vizuri tu, kinachokuja baadaye ndicho kibaya.

Sauti za mbele sikuziunganisha. Steshenari haihitaji, na mama mdogo ana redio.

Jumamosi, 29 Juni. Pini kumi zisizo na jina

Nimepata kasha tupu la mitumba kwa 20,000, halina pawa saplai, na hapo ndipo ile niliyoinunua bure tarehe 8 imepata kazi. Lina plagi nene ya bluu ya USB 3 yenye matundu kumi na tisa, ambayo mazabodi ya ofisini haina mahali pake. Nimeifunga kwa uzi pembeni.

Niliagiza Kariakoo nyaya za jampa zenye matundu pande zote mbili, arobaini kwa 7,000, na 5,000 ya kifurushi kwenye basi. Nimezichukua stendi ya Nanenane saa mbili usiku, nimevaa makoti mawili. Hapa Mwanjelwa nikapata rezista, vijipande vya kupunguza mkondo wa umeme, za omu 330, kumi kwa 1,000.

Sasa namna ya kuzijua pini zisizo na maandishi. Nilichora matundu kumi kwenye karatasi kwanza, nikayapa namba.

Hatua ya kwanza, pawa saplai imechomolewa ukutani. Mita kwenye mlio, ncha nyeusi kwenye bati la tundu la USB la nyuma, nyekundu kwenye pini mojamoja. Zilizolia ni hasi. Kwangu zilikuwa tatu.

Hatua ya pili, pawa saplai imechomekwa ila mashine haijawashwa. Hata ikiwa imezimwa, pawa saplai inaendelea kutoa volti 5 za kungojea, na hizo ndizo zinazoilisha sehemu ya mazabodi inayosubiri kitufe. Mita kwenye volti. Pini mbili zilisoma 3.3, moja ikasoma 5, zilizobaki sifuri au vipande vya volti visivyotulia. Ya volti 5 nikaizungushia duara jekundu, sitaki kuigusa.

Kitufe kiko kwenye mojawapo ya zile mbili za 3.3. Sikutumia bisibisi hapa kama kwa mazabodi ya kwanza, kwa sababu pale maandishi yalikuwepo na hapa nabahatisha. Nilifunga rezista ya omu 330 katikati ya waya wa jampa, upande mmoja kwenye pini ya hasi, mwingine nikagusa pini ninayoishuku. Kama nimekosea na kumbe nimegusa volti 5, mkondo utakaopita ni miliampia 15 tu, hauunguzi kitu. Na kama ni kitufe, rezista ndogo namna hii inatosha kuishusha volti hadi mazabodi iamini pini zimegusana.

Pini ya kwanza: hakuna kilichotokea. Ya pili: feni ikanguruma hadi mtoto akaruka nyuma.

Mashine ikiwa imewaka nikapima tena zile za sifuri. Moja ilikuwa imepanda hadi karibu volti 5: taa ya umeme. Nikaichomeka taa ya kasha moja kwa moja kama nilivyofanya kwenye mazabodi ya kwanza. Ikawaka kwa ukali mno, ikabadilika rangi, ikazima moja kwa moja. Kwenye mazabodi ya kawaida rezista ya kulinda taa iko kwenye mazabodi yenyewe. Kwenye hii, ilionekana mtengenezaji aliiweka upande wa kasha lake, ambalo mimi sina. Nikatoa taa kwenye redio mbovu, nikaipitishia omu 330, inawaka kistaarabu. Hiyo haikunigharimu zaidi ya aibu.

Ramani yangu ya pini kumi siiweki hapa. Mazabodi mbili za kampuni ileile, za miaka tofauti, zinaweza kupangwa tofauti, na mtu akinakili namba zangu anaweza kuipata ile ya duara jekundu. Nakilini njia.

Jumapili, 30 Juni. F1

Mashine ya pili inawaka, lakini kila ikiwaka inasimama kwenye skrini nyeusi ikisema waya wa mbele haujaonekana, bonyeza F1 kuendelea. Kwa mtu mmoja nyumbani si neno. Steshenari ambayo umeme hukatika na kurudi mara tatu kwa siku, ni kero, na mama mdogo hataki kuambiwa abonyeze kitu asichokielewa. "Inasema kuna kasoro, mwanangu. Mteja akiona?"

Nilitafuta kwenye bayosi, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, namna ya kuizuia. Kuna sehemu ya kunyamazisha makosa ya kibodi, hii haikuwemo. Nilibadilisha betri ndogo ya bayosi kwa kudhani labda, haikusaidia.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi yangu ya jana. Pini mbili zilisoma 3.3. Moja ilikuwa kitufe. Nyingine niliigusa, hakuna kilichotokea, nikaisahau. Lakini pini isiyo na kazi haina sababu ya kupewa volti 3.3. Mazabodi hizi hutumia pini moja kujua kama plagi ya kasha lake imechomekwa: plagi halisi huiunganisha pini hiyo na hasi, na mazabodi ikiona imeshuka hadi sifuri, inatulia. Nikazima, nikaunganisha pini ile na hasi kwa waya uleule wenye rezista, nikauacha humo. Nikawasha.

Ikapita moja kwa moja hadi Windows. Nikaizima na kuiwasha mara tano, maana sikuamini.

Waya nimeukunja na kuufunga kwa tepu ya umeme ili rezista isiguse kitu, na nimeandika kwenye karatasi ndogo ndani ya kasha: USIUTOE HUU. Fundi atakayeifungua baadaye ataona waya unaotoka pini moja kwenda nyingine papo hapo, na atadhani ni uchafu.

Kwenye bayosi kuna pia mpangilio wa mashine kujiwasha umeme ukirudi. Nimeuzima. Umeme unaporudi mara nyingi unarudi kwa kupepesa, bora mashine isubiri mtu.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba, zote mbili zipo mezani

Nimenunua SSD, yaani diski, ya mashine ya pili kwa 40,000, nimeweka programu, nimeunganisha printa. Ya kwanza imefanya kazi siku kumi na nane bila kulala. Ya pili ina siku saba.

Jumla: pawa saplai 35,000, fundi 10,000, mazabodi ya ofisini 85,000, mita 18,000, spiriti 2,000, flashi niliyoiunguza 12,000, kasha 20,000, jampa na kifurushi 12,000, rezista 1,000, SSD 40,000. Ni 235,000, mbali na nauli za bajaji. Ugonjwa wenyewe, ule wa tarehe 8, dawa yake ilikuwa kuhamisha plagi moja kutoka kitufe kimoja kwenda kingine, na plagi ile sikuinunua.

Bado: taa ya diski ya mashine ya pili sijaipata. Kuna pini moja inayochezacheza volti diski inapofanya kazi, nadhani ndiyo, lakini sitaki kuigusa bila kuwa na siku nzima ya kurekebisha nikiharibu. Na ile ya kwanza, wateja waliozoea wanabonyeza kitufe kikubwa cha zamani, ambacho hakina waya, wanasema mashine imekufa. Mama mdogo amekata kipande cha karatasi ya A4, amekilaminisha, amekibandika kwa mshale kuelekea kile kidogo cha chini: WASHIA HAPA.